Shajara ya Mradi wa Vitawe: Kadi za Maneno Mjini Lamu

Tarehe 6 Januari

Leo tumeanza rasmi kazi ya kukusanya vitawe, yaani maneno ya Kiswahili yenye maana zaidi ya moja, na meza yetu tumeiweka katika chumba cha mbele cha nyumba yetu mtaani Langoni, mahali ambapo mtu aliyeketi barazani anaweza kusikia swali na kulijibu bila kualikwa. Tuko watatu: mimi, ambaye nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, mwenzangu, karani mstaafu mwenye mwandiko usiochosha macho, na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, ambaye ndiye aliyenisukuma kuianza kazi hii pale aliponiambia kuwa vitawe alivikariri vyote kwa ajili ya mtihani na sasa hakumbuki hata nusu yake. Sikumlaumu. Tumewafundisha watoto orodha, tukaacha kuwafundisha kusikiliza.

Utaratibu wa kwanza ni huu: kila neno litakuwa na kadi yake, na kila kadi itabidi ijibu swali moja kabla ya mengine yote, nalo ni kama tuna neno moja lililozaa maana nyingi au tuna maneno mawili, matatu, yasiyo na udugu, yaliyokutana katika umbo moja. La kwanza wanaisimu huliita polisemia, la pili homonimia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, hulionyesha la pili kwa tarakimu ndogo juu ya neno, na la kwanza kwa kuzipanga maana ndani ya kitomeo kimoja, yaani ingizo moja la kamusi. Tumekubaliana kufuata njia hiyo hiyo, na tumekubaliana pia kwamba hakimu wetu atakuwa upatanisho wa kisarufi: neno likibadili ngeli, litapewa kadi nyingine.

Kufikia magharibi tumeandika kadi 31.

Tarehe 14 Januari

Hakimu wetu hakudumu siku kumi. Nilikwenda na kadi ya paa kwa bibi mmoja jirani yetu, mtu mzima sana, ambaye nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda akipaa samaki, magamba yakiruka na kunata kwenye kingo za leso yake. Nilimsomea kadi: paa la nyumba, paa, mnyama wa mwituni mwenye miguu myembamba, kupaa, kwenda juu angani, kupaa, kuondoa magamba ya samaki. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, kisha akasema, "Mwanangu, hilo la pili silo. Umesema paa. Mnyama ni p'aa."

Nikamwomba, "Bi, niambie tena." Akalisema tena, na mara ya tatu akanitaka nichane kipande chembamba cha karatasi kutoka ukingoni mwa daftari langu, nikishike mbele ya mdomo wangu, kisha nitamke yote mawili. Kwa paa la nyumba karatasi haikutikisika. Kwa mnyama, nilipolitamka kama alivyolitamka yeye, karatasi iliruka. Tofauti hiyo ni pumzi inayotoka pamoja na sauti ya p, ambayo vitabu vya isimu huiita mpumuo, na mimi niliyezaliwa hapa nimeitamka maisha yangu yote bila kuiandika hata mara moja, kwa sababu maandishi niliyofundishwa na ninayoyafundisha hayana nafasi yake.

Kabla sijaondoka alinipa maana ya tano ambayo haikuwamo kwenye kadi. Utotoni mwao, alisema, jiko likizimika mtoto alitumwa nyumba ya pili na kigae cha chungu kwenda kupaa moto, yaani kuchota makaa yanayowaka. Nimeiandika papo hapo kando ya ukuta wa ua nikitumia goti langu kama meza, kwa kuwa niliogopa ingenipotea njiani.

Tarehe 15 Januari

Asubuhi yote tumeirudia kazi ya juma zima. Tulichukua kila kadi yenye p, t, k au ch mwanzoni na kuisoma kwa sauti, karatasi ikiwa mbele ya mdomo, na mambo yalijipanga kwa namna ambayo ilinifurahisha kupita kiasi. Kaa la moto halina mpumuo, ilhali k'aa wa pwani, mwenye magando, anao. Kutaka jambo hakuna mpumuo, ilhali t'aka za kufagia zinao. Tembo linalogemwa mnazini halina, ilhali t'embo, mnyama mwenye mkonga, anao, ingawa sisi wa huku kwetu mnyama huyo twamwita zaidi ndovu, na kwa hiyo kinywaji kimebaki na jina lake bila mshindani.

Kuna sababu ya kihistoria, nayo si ngumu kuieleza. Majina yanayopata mpumuo ni yale ya ngeli ambayo zamani ilitanguliwa na sauti ya n au m. Sauti hiyo ilipodondoka mbele ya p, t na k, iliacha pumzi nyuma yake, kama mtu anayetoka chumbani na kuacha harufu ya udi. Majina ya ngeli ya LI-YA na vitenzi hayakuwa na sauti hiyo, kwa hiyo hayana pumzi. Hivyo ngeli na mpumuo ni mashahidi wawili wa jambo moja. Methali tunayoijua sote inathibitisha: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni hulitia, wala si humtia wala huitia, na hiyo li pekee inatosha kumwambia msomaji ni tembo lipi.

Kwa nini basi mpumuo haukuandikwa? Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikatengeneza tahajia ya kutumika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Tahajia nyepesi ilihitajika, ikapatikana, na manufaa yake ni makubwa. Lakini kabla ya hapo, W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza aliyeishi Mombasa na kuchapisha methali za Waswahili mwaka 1891, alikuwa akitia alama kwenye sauti hizi, kwa kuwa aliwasikiliza watu wa Mvita, yaani Mombasa, na kuona kwamba hawayachanganyi maneno haya hata kidogo. Tumeamua kutumia alama ya king'ong'o, ile ile ya ng'ombe, baada ya konsonanti: p'aa, k'aa, t'aka. Mwenzangu alipinga kwa muda, akisema msomaji wa bara ataisoma vibaya. Nilimjibu kwamba msomaji huyo ataelezwa ukurasa wa kwanza, na kwamba kamusi ya maneno yanayofanana haiwezi kuyafananisha zaidi ya yalivyo vinywani mwa wenyewe.

Tarehe 17 Januari

Jambo dogo lililobaki kwenye paa. Tumebakiwa na vitenzi vitatu visivyo na mpumuo: kupaa angani, kupaa samaki, kupaa moto. Hapa mpumuo umemaliza kazi yake, na ngeli haihusu vitenzi, kwa hiyo tumegeukia mnyambuliko. Anayepaza sauti ameifanya ipae, lakini hakuna anayempaza samaki. Kupaa angani kumepata kadi yake. Kuparua magamba na kuchota makaa tumeviacha kwenye kadi moja, kwa sababu vyote viwili ni kitendo cha mkono unaokwangua juu ya kitu na kukiondoa.

Tarehe 27 Januari

Kijana wetu ameleta neno kutoka shuleni kwa mdogo wake. Mwanafunzi aliyehamia hapa kutoka bara aliitwa na mwanamke mmoja wa mtaani, "Ndoo hapa!" Mtoto yule, kwa adabu yake yote, aliingia ndani, akatafuta ndoo, akairudisha mbio ikiwa na maji nusu. Kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, ndoo ni njoo, kama vile njia ilivyo ndia na njaa ilivyo ndaa. Yule mama alipoelewa kilichotokea alimpokea ndoo yake, akamshukuru, na hakumcheka, na kwa hilo nimemheshimu.

Limetufungulia mlango mpya katika kazi. Kuna maneno ambayo katika Kiswahili sanifu yana maana moja au mbili, lakini kwa msemaji wa Lamu yanaongezeka, kwa sababu sauti ya lahaja yetu imeyaleta maneno mengine karibu. Kucheka kwetu ni kuteka. Tayari kuna kuteka maji kisimani, na kuna kuteka mji kwa vita. Mwandishi wa sanifu ana mambo mawili mkononi. Sisi tuna matatu, ingawa mzee akitamka kuteka kwa kucheka na kuteka kwa maji, ncha ya ulimi wake haigusi mahali pamoja. Tumefungua sanduku la pili la kadi, lenye rangi ya kijani, kwa ajili ya Kiamu pekee. Sitaki maneno haya yafichwe chini ya ukurasa kama kosa la matamshi.

Tarehe 9 Februari

Tumevuka leo kwenda Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi upande wa magharibi wa kisiwa, tukiwa na kadi za bahari. Nahodha mmoja mzee alikubali kukaa nasi kivulini, kando ya chombo kilichokuwa kikikalafatiwa, na mazungumzo yalikatizwa mara kwa mara na nyundo.

Nilianza na kaskazi. Alinyoosha mkono kuelekea upepo uliokuwa ukituvumia usoni, akasema, "Ndiyo hii." Kisha akaeleza kwamba kaskazi ni upepo, na ni majira yote ambayo upepo huo hutawala, takriban Desemba hadi Machi, wakati ambapo vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilikuwa vikishuka kuja kwetu, vikasubiri kusi ya kuvirudisha, na upande upepo unakotoka ndiko kaskazini. Upepo, majira, upande wa dunia: hizi si ajali ya sauti. Ni neno moja linalotembea hatua kwa hatua, na kila hatua inaonekana kutoka kwa iliyotangulia. Kusi imefuata njia hiyo hiyo bila kupotoka. Tumeziandika kila moja kwa kadi moja, maana tatu zikifuatana kwa mpangilio alioutoa yeye, upepo kwanza. Katika kamusi nyingi za shuleni upande huwekwa mwanzo, na mtoto haambiwi kamwe kwamba upande huo ulipewa jina na upepo.

Demani ilitushinda kwa saa nzima. Demani ni majira, pale kusi inapolegea, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba hivi. Lakini nahodha alipoisikia kadi alikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya tanga, ile inayoshika pembe ya chini upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, akaivuta na kuilegeza mbele yetu. "Hii pia demani," alisema, "na upande huu wa chombo, usio na upepo, ni demani, ule wenye upepo ni joshi." Kamba na upande wa chombo vinakaa kadi moja bila shida, kwa kuwa kamba hiyo hufungwa upande huo. Majira yamepewa kadi ya peke yake, kwa sababu kutoka kwenye kamba hadi kwenye mwezi wa Septemba hakuna hatua ambayo mguu unaweza kuikanyaga.

Tarehe 10 Februari

Ndege: mnyama wa angani, chombo cha angani, na ndege ya bahati, njema au mbaya. Kadi moja, ingawa ngeli hubadilika. Anayevuka kwenda uwanja wa ndege wa kisiwa jirani cha Manda haoni shaka yoyote ni ndege gani anayoifuata.

Tarehe 20 Februari

Juma hili lilikuwa la nyumba. Baraza ni kiti cha jiwe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nje, ambapo wanaume hukaa jioni, habari hupokewa, ugomvi hutulizwa na posa huanza kunong'onwa. Kutoka hapo likawa jina la kikao chenyewe, kisha la watu wanaokaa kikao, na leo kuna Baraza la Mawaziri ambalo hukutana ndani ya jengo lisilo na kiti cha jiwe hata kimoja. Nilipoiandika kadi hii nilikuwa nimekaa juu ya maana yake ya kwanza, jiwe likiwa bado lina joto la jua la mchana, na nilihisi furaha ambayo sijui kama mwandishi wa kamusi aliye ofisini huipata.

Mlango ulikuwa na utajiri zaidi. Kuna mlango wa mbao, wenye mabao mawili na mfaa, ule mti wa kati yake, uliochongwa kwa uvumilivu ambao mji huu unasifika kwao. Kuna mlango wa bahari, maji membamba baina ya nchi mbili, ambamo vyombo hupita. Kuna milango ya fahamu: jicho, sikio, pua, ulimi na ngozi. Na kuna mlango kwa maana ya tawi la ukoo, kwani watu waliotoka katika nyumba moja ni watu wa mlango mmoja. Mwenzangu alitaka kuutenga huu wa mwisho, akiuona uko mbali na mbao na maji. Tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Mimi nilishikilia kwamba zote nne ni uwazi wa kupitia: mtu hupitia wa kwanza, chombo hupitia wa pili, habari za dunia hupitia ya tatu, na kizazi hupitia wa nne. Alikubali, na kadi imebaki moja.

Tarehe 11 Machi

Siku mbaya. Tulipeleka kurasa 24 za majaribio kwenye duka moja la kupiga chapa, na leo tumezipokea zikiwa safi, nyeupe, na zisizo na alama hata moja ya mpumuo. Aliyezichapa alidhani alama zile ni makosa ya kidole, na kwa nia njema kabisa alizifuta zote kwa amri moja ya programu, isipokuwa za ng' ambazo alizitambua. P'aa amekuwa paa, k'aa amekuwa kaa, na kitomeo kimoja sasa kinasomeka hivi: "Paa si paa." Nimekaa na ukurasa ule kwa muda mrefu. Kazi ya juma sita ilikuwa imerudishwa mahali pale pale ilipoanzia, na bila mtu yeyote kuikusudia.

Sikugombana naye. Kosa letu lilikuwa kumpa kazi bila kumweleza. Nilirudi, nikaketi naye, nikamwomba ashike kipande cha karatasi mbele ya mdomo. Ni mzaliwa wa Faza, kisiwani Pate. Karatasi iliruka pale ilipopaswa kuruka, akaniangalia, akalirudia neno peke yake, na akaahidi kuzirudisha alama zote yeye mwenyewe, mojamoja, akisoma kwa sauti.

Tarehe 19 Machi

Tanga na matanga. Tanga la chombo wingi wake ni matanga. Matanga ya msiba hayana umoja, kwani hakuna anayesema amekwenda kwenye tanga moja la marehemu. Kwa sababu hiyo, kadi mbili. Kuna msiba mtaani kwetu juma hili, na kazi tumeisimamisha kwa siku tatu.

Tarehe 2 Aprili

Kupanda kumetupa mfano mzuri kuliko yote wa sentensi isiyoweza kuokolewa na sarufi: "Babu amepanda mnazi." Ngeli ni ile ile, wakati ni ule ule, wala hakuna mpumuo wa kututenganishia. Ama babu yuko juu anaangua madafu, ama alichimba shimo akaweka mche. Mnyambuliko peke yake ndio unaotofautisha, kwani anayesaidiwa kwenda juu hupandishwa, na mche unaohamishwa kitaluni hupandikizwa. Kadi mbili, bila wasiwasi. Kwa Kiamu shida hii ni ndogo, maana mnazi hukwewa, na afanyaye kazi hiyo ni mkwezi. Lahaja ambayo jana ilituongezea maana za kuteka leo imetupunguzia za kupanda, na nimeiandika hali hiyo katika sanduku la kijani kwa herufi kubwa.

Tarehe 21 Aprili

Kusi imeanza kuonyesha uso, na mvua pamoja nayo. Tumehamisha masanduku kutoka dirishani.

Kadi ya kamba nimeihakiki sokoni. Kamba ya kufungia na kamba wa kuliwa yote mawili hutamkwa kwa mpumuo, kwa hiyo karatasi haina msaada. Upatanisho unapaswa kusaidia, kwani kamba wa baharini ni kiumbe: kamba huyu, kamba hawa. Lakini nilisimama kwa muuzaji nikasikiliza wateja tisa, na wote walisema "kamba hizi" na "kamba zako bei gani", kwa kuwa kiumbe aliyekwisha kufa na kulazwa kwenye sinia husemwa kama kitu. Kilichowatenga ni kipimo. Aliyetaka wa kuliwa alitaja kilo. Aliyekuja baadaye, kijana wa mashua, aliuliza duka la pili, "Kamba pima tano," akanyoosha mikono yote miwili kuonyesha urefu, na hakuna aliyempa wa kuliwa. Nimeongeza safu mpya kwenye kila kadi, ya maneno yanayoandamana na neno, kwa sababu pale sauti na sarufi zinapokwisha, jirani wa neno ndiye anayelitambulisha.

Tarehe 6 Mei

Kurasa za majaribio zimerudi kwa mara ya pili. Nimezisoma zote, kisha nikampelekea bibi yetu ule wa herufi P, nikamsomea kwa sauti kwa kuwa macho yake yamechoka. Nilipofika kwa mnyama nilitamka kama alama inavyotaka. Aliitikia, "Naam, huyo," akaendelea kuchambua mchele wake.

Kadi zilizokamilika ni 214, na 38 kati yake ziko katika sanduku la kijani. Kesho tunaanza herufi T, na iliyo juu ya rundo ni ya kuteka.